Kufua kulabu, tumbuu na mkono wa mlango kwa moto wa mkaa

Anayesimama mbele ya mlango wa zamani wa Mji Mkongwe wa Unguja au wa Lamu hutazama kwanza nakshi za mbao, na ni haki yake. Lakini mkono wake ukifika mlangoni hushika chuma: riza, yaani mnyororo mfupi wa kufungia, na tumbuu, ile pete yenye miguu miwili iliyopigiliwa kwenye kizingiti ili riza iingie na kufuli ining'inie. Ni vitu vidogo, na aliyevifua hakuandika jina lake popote, ila ukivitazama kwa karibu utaona alama za nyundo yake na jinsi chuma kinavyopungua unene polepole kadiri kinavyoisogelea ncha. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kufua vitu vya jamii hiyo kwa mikono yake mwenyewe: kulabu ya kufungia mlango pamoja na tumbuu zake mbili, mkono wa kuvutia wenye jani kila upande, na misumari ya vichwa vya pembe nne. Riza yenyewe nimeiacha makusudi, kwa sababu pete za mnyororo huungwa ndani ya moto kwa kugonganishwa zikiwa nyeupe, na hilo ni somo la mtu ambaye tayari ameshayazoea haya mengine.

Jambo moja nataka lieleweke mapema. Pambo la kazi hizi hutoka ndani ya chuma chenyewe kikiwa moto; halibandikwi baadaye. Siku hizi jani la chuma hununuliwa likiwa limeshakatwa, likachomelewa kwenye nondo, likapitishwa grinda na kupakwa rangi nyeusi. Sina ugomvi na mashine ya kuchomelea, kwani imelisha na kusomesha familia nyingi pale Gerezani, Dar es Salaam, na Kamukunji, Nairobi. Nasema tu kwamba kwa vitu hivi haihitajiki hata mara moja, na kwamba jani lililotandazwa kutoka kwenye ncha ya chuma kilekile halina mahali pa kung'okea.

Tuanze na chuma. Tafuta chuma laini cha kawaida, chenye kaboni chini ya asilimia 0.25, ambacho maduka ya vyuma huuza kwa vipande vya mraba na vya duara. Utahitaji cha mraba cha milimita 12 kwa mkono, cha mraba cha milimita 8 kwa kulabu, cha duara cha milimita 6 kwa tumbuu, na cha mraba cha milimita 6 kwa misumari. Nondo za ujenzi zinafulika, lakini mbavu zake husumbua na ugumu wake hutofautiana kutoka nondo moja hadi nyingine, kwa hiyo usizitumie kujifunzia. Springi ya gari ni chuma kigumu: ukiitumbukiza kwenye maji ikiwa nyekundu inaweza kupasuka, nayo inafaa zaidi kutengenezea tindo kuliko mapambo. Chuma au bomba lililopakwa zinki usilitie motoni kabisa. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, yaani kabla chuma hakijafika joto la kufulia, na moshi wake mweupe humwachia anayeuvuta homa na mtetemeko wa usiku kucha.

Moto wa mkaa unatosha kabisa. Chimba au jenga tanuri dogo kwa udongo na matofali, liwe na shimo la upana wa viganja viwili, na upepo uingie kwa bomba la chuma kutoka pembeni, ukisukumwa na feni ndogo au mvukuto wa mkono. Vunja mkaa uwe na ukubwa wa ndimu. Vipande vikubwa huacha mianya ambamo upepo hupita bila kuungua, na vumbi la mkaa huziba. Muhimu zaidi ni kina: mkaa uwe na angalau sentimita 15 juu ya mdomo wa bomba, na chuma kilazwe katikati ya kina hicho. Wanafunzi wengi huchomeka ncha ya chuma moja kwa moja mbele ya upepo kwa sababu ndipo panapong'aa zaidi, kumbe hapo ndipo hewa ambayo haijaungua hukila chuma na kukijaza magamba. Fanya kazi hii kwenye banda lililo wazi pande zote, kwa kuwa mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hata hivyo banda liwe na kivuli kizito. Ukisimama juani utaona chuma cheusi kumbe kimeiva, na rangi ndiyo kipimajoto chako pekee.

Rangi hizo ni lazima uzijue kama unavyojua rangi za embe. Nyekundu hafifu, kama nyuzi 700, ni joto la kunyoosha na kurekebisha kidogo tu. Rangi ya chungwa bivu, karibu nyuzi 1000, ndiyo ya kazi nyingi: kupinda, kusokota, kuchora mistari. Manjano ya kiini cha yai, kati ya nyuzi 1100 na 1200, ndiyo ya kurefusha na kutandaza, pale unapotaka chuma kiende mbali kwa mapigo machache. Kikiwa cheupe na kurusha cheche kama fataki, kinaungua, na sehemu hiyo haiponi, ikate uitupe. Kwa upande mwingine, nyekundu inapoanza kufifia acha kupiga na urudishe chuma motoni, hata kama unaona limebaki pigo moja. Tumbuu yangu ya kwanza niliiharibu kwa pigo hilo moja: nilitaka ncha ikae vizuri zaidi, chuma kilikuwa kimeshakuwa cheusi, na nilipoipinda ukaonekana ufa uliopanda kutoka nchani hadi katikati ya mguu.

Vifaa si vingi. Fuawe, yaani chuma kizito cha kufulia juu yake, ikiwa ya kiwandani ni bora, lakini kipande cha reli kilichofungwa kwenye gogo zito kinatosha. Urefu wake ni huu: simama wima, kunja ngumi, ning'iniza mkono, uso wa fuawe uguse vifundo vya vidole. Lainisha upande mmoja wa ukingo kwa tupa uwe mviringo kidogo, utaona sababu yake tukifika kwenye shingo ya jani. Nyundo iwe ya kilo moja hivi, yenye uso bapa upande mmoja na ukingo mwembamba, usio mkali, upande wa pili. Ongeza koleo inayokamata vizuri, jiliwa (kibano cha mezani), brashi ya waya, tindo, na chombo cha kutobolea chenye ncha ya milimita 5 iliyo bapa. Vaa miwani ya kinga, viatu vya ngozi na nguo za pamba, kwa kuwa vitambaa vya naironi huyeyuka na kugandia ngozini. Ndoo ya maji iwe karibu wakati wote.

Kulabu hutangulia kwa kuwa inafundisha karibu kila kitu. Kata chuma cha mraba cha milimita 8 chenye urefu wa milimita 220. Tia ncha moja motoni hadi iwe ya manjano, iweke pembezoni mwa fuawe ikiwa imeinama kidogo, na ianze kuchongoka kwa kupiga, kugeuza robo, kupiga, kugeuza robo. Hapa ndipo penye siri ambayo hakuna mhunzi anayeikwepa: ncha ya duara hufuliwa kwanza ikiwa ya mraba. Ukianza kuizungusha mapema, ngozi ya nje ya chuma hutangulia mbele na ya ndani hubaki nyuma, ncha ikafunguka kama mdomo wa samaki, na ufa huo hujificha hadi siku ya kupinda. Ifanye iwe ya mraba hadi ifikie wembamba unaoutaka, kisha zipige pembe zake nne upate pembe nane, na mwisho kabisa uizungushe polepole kwa mapigo mepesi. Milimita 40 za mwanzo zitarefuka zifike kama 70. Ncha kabisa ikunje kidogo kwa nje, kama milimita 5, isije ikachoma kidole cha mtoto, halafu upinde sehemu yote iliyochongoka juu ya kipande cha chuma cha duara kilichobanwa kwenye jiliwa, kikunjo kile kikitazama nje.

Upande wa pili ni tundu. Hesabu yake ni rahisi na inafaa kila pete utakayotengeneza: chukua kipenyo cha ndani unachokitaka, ongeza unene wa chuma, kisha zidisha kwa 3.14. Tundu la milimita 12 kwa chuma cha milimita 8 linahitaji 20 mara 3.14, yaani karibu milimita 63. Weka alama ya tindo hapo, zungusha pembe za sehemu hiyo iwe duara, kisha ipinde pembe mraba kwenye ukingo wa fuawe penye alama. Sasa geuza na uanze kukunja kutoka nchani kurudi ndani, kidogo kidogo, juu ya pembe ya fuawe au juu ya chuma cha duara. Usianze kukunja karibu na alama, kwa sababu ncha itabaki imenyooka na hutapata tena nafasi ya kuipinda. Pigo la mwisho hufunga tundu na kulipanga katikati ya mstari wa kulabu.

Kati ya tundu na ndoano kumebaki kipande cha mraba, na hicho ndicho cha kusokota. Pasha milimita 60 za katikati hadi rangi ya chungwa, na hakikisha joto limelingana, kwa sababu chuma hujisokota zaidi pale palipo na joto zaidi. Bana upande mmoja kwenye jiliwa, shika wa pili kwa spana, uzungushe mzunguko mmoja kamili kwa mwendo mmoja bila kusita. Ukiona sehemu moja imetangulia, imwagie maji kidogo kutoka kikopo ili igande, uendelee na iliyobaki. Chuma laini huvumilia hilo, cha springi hakivumilii. Kama kulabu imepinda kwenye msokoto, inyooshe juu ya gogo kwa nyundo ya mbao, isije nyundo ya chuma ikabapaza kingo ambazo ndizo zinazoshika mwanga.

Tumbuu mbili hazichukui muda. Kwa mlango wa mbao za milimita 40, kata vipande vya chuma cha duara cha milimita 6 vyenye urefu wa milimita 180, chongoa milimita 40 za kila ncha kwa njia ile ile ya mraba kwanza, halafu pinda katikati juu ya chuma cha duara cha milimita 14 hadi miguu iende sambamba. Ilinganishe miguu wakati chuma bado kina moto, kwa sababu mguu uliotoka nje ya mstari utapasua mbao.

Mkono wa mlango ndio kazi ninayoipenda kuliko zote, na hapo uchukue muda wako. Kata chuma cha mraba cha milimita 12, urefu milimita 320. Jani hutengenezwa kila upande kabla ya kupinda chochote. Pasha ncha hadi manjano, ichongoe fupi, kama milimita 20 tu, pande nne zikiwa sawa. Hiyo itakuwa ncha ya jani. Kisha tengeneza shingo. Laza chuma kwenye ule ukingo uliolainishwa, milimita 35 za nchani zikiwa nje ya fuawe na zilizobaki zikiwa juu yake, upige nusu ya uso wa nyundo ikiwa juu ya fuawe na nusu ikiwa hewani, ukigeuza robo kila pigo, mbele na nyuma. Bega litajitokeza na shingo itapungua hadi milimita 8. Ukingo ukiwa mkali utakata mstari mwembamba shingoni, chuma kitajikunja juu ya mstari huo, na baada ya mwaka wa kuvutwa, mkono utavunjikia hapohapo.

Sasa unacho kitu kinachofanana na mbegu ya embe ndogo juu ya kijiti. Pasha tena, kilaze bapa, na upige katikati kwa ukingo mwembamba wa nyundo ukiwa umelala sambamba na urefu wa jani. Chuma hukimbia kwa kukatiza ukingo wa nyundo, kwa hiyo ukingo uliolala hivyo hukisukuma kwenda pembeni, na jani hupanuka bila kurefuka sana. Anza kwenye mstari wa kati, uende kushoto, urudi katikati, uende kulia, kisha usawazishe kwa uso bapa. Ukipasha mara tatu au nne jani litafikia upana wa milimita 35 hivi, likiwa nene kidogo katikati na milimita 3 kingoni. Liangalie kila unapolirudisha motoni: limekuwa jembamba, hupoa haraka, lakini pia huungua haraka kuliko kipande kinene kilicho nyuma yake. Mimi huliweka juu zaidi kwenye mkaa na kupunguza upepo.

Mishipa ya jani huchorwa kwa tindo butu, mshipa wa kati kwanza na wa pembeni baadaye, kila mmoja kwa pigo moja au mawili kwenye rangi ya chungwa. Mitatu kila upande inatosha. Kama mlango una nakshi za yungiyungi na minyororo kwenye fremu, acha mshipa mmoja wa katikati tu, kwa sababu chuma hakipaswi kushindana na kazi ya mchongaji. Baada ya hapo jani lipindwe kidogo ili ncha na kingo ziguse mbao na katikati painuke. Likiwa bapa kabisa huonekana kama kipande cha bati kilichokatwa kwa mkasi.

Tundu la skrubu au msumari hutobolewa kwa moto, na ni sehemu ambayo kila ninayemfundisha huitazama kwa mshangao. Weka chombo cha kutobolea katikati ya jani lililo na rangi ya chungwa, piga mapigo matatu au manne ya nguvu, ukikitia maji kila baada ya mapigo machache kisilainike, mpaka uhisi kinagonga fuawe kupitia chuma. Geuza jani. Upande wa pili utaona duara dogo jeusi katikati ya wekundu, kwa sababu hapo chuma kimeminywa dhidi ya fuawe na kupoa. Simamisha chombo juu ya duara hilo hasa, weka jani juu ya tundu la fuawe, piga mara moja, na kisahani chembamba cha chuma kitaanguka chini. Keekee hutoa chuma chote cha tundu, ilhali kutoboa kwa moto hukisukuma kingi pembeni na kuacha ukingo imara kuzunguka tundu.

Baada ya majani yote mawili kukamilika, sokota milimita 80 za katikati kama ulivyofanya kwenye kulabu, kisha pinda. Miguu miwili iwe na urefu wa kutosha kuacha nafasi ya milimita 40 kati ya mlango na sehemu ya kushika. Kipimo hiki nimekipata kwa aibu. Mama mmoja aliwahi kunirudishia mkono niliokuwa nimeuachia milimita 25, ukiwa mzuri kuutazama, akanionyesha jinsi pete ya kidole chake ilivyokuwa ikikwaruza mbao kila alipofungua mlango wake. Alama ya mkwaruzo ilikuwa imeshaingia kwenye mninga. Tangu siku hiyo hupima kwa ngumi ya mtu atakayeutumia, si kwa jicho langu. Majani yote mawili yakae kwenye uso mmoja. Yajaribu juu ya ubao ulionyooka, na kama jani moja linaelea, pasha shingo yake tu uirekebishe.

Misumari inahitaji chombo kimoja cha ziada: bamba la chuma la unene wa milimita 10 lenye tundu lililo dogo kidogo kuliko milimita 6 juu na linalopanuka chini. Chongoa chuma cha mraba cha milimita 6, acha bega ambapo kichwa kitaanzia, kata karibu kabisa kwa tindo milimita 10 juu ya bega, chomeka kwenye tundu, vunja, na upige kichwa mapigo manne yaliyoinama, moja kila upande, upate piramidi fupi. Yote hayo kwa joto moja. Misumari kumi ya kwanza itakuwa mibaya. Ya ishirini na kuendelea itafanana.

Umaliziaji nao una moto wake. Kisugue kila kipande kwa brashi ya waya kikiwa bado na joto ili magamba yadondoke, kisha, wekundu ukishatoka kabisa lakini tone la maji likiwa bado linachemka juu yake, kipake nta ya nyuki kwa kitambaa cha pamba. Nta ikiwaka, chuma kina moto mno. Ikiganda nyeupe, kimepoa mno. Ikiyeyuka na kutoa moshi mwepesi, inaingia kila mahali na kuacha weusi mzito wenye kung'aa kidogo. Kwa mlango wa ndani hiyo inatosha. Kwa mlango wa nje mahali penye upepo wa bahari, chumvi itaishinda nta ndani ya miezi michache, kwa hiyo ama urudie kupaka mara kwa mara, hasa baada ya masika, ama ukubali kupaka rangi ya mafuta juu ya chuma kilichosafishwa vizuri bila nta.

Wakati wa kufunga, mbao ziwe kavu, kwa kuwa mbao mbichi na chuma huachiana madoa meusi yasiyotoka. Toboa matundu ya tumbuu kwa keekee ya milimita 6, pitisha mguu wa tumbuu ya kwanza ndani ya tundu la kulabu, na uigongomee kwenye ubao wa mlango mpaka ncha zitokeze upande wa pili. Mwenzako ashikilie nyundo nzito upande wa mbele, nawe zipinde ncha kwa nyuma kukatiza mkondo wa nyuzi za mbao, kila moja ikielekea upande wake, na uzizamishe ndani ya ubao. Tumbuu ya pili usiitobolee kwa kipimo cha futi. Funga mlango kama utakavyofungwa kila usiku, nyanyua kulabu iguse fremu, chora palipogusa ndoano, na utoboe milimita 2 mbele zaidi, upande wa mbali na mlango, ili kulabu ikiingia iuvute mlango ukae palepale bila kutikisika.